Springi Haina Subira

Mpe mtu springi na kopo la matofali ya LEGO, umwambie atengeneze kitu kitembee. Ataanza na springi. Ataifunga kwenye ekseli, ataweka magurudumu, atatia ufunguo, ataachia. Kigari kitafyatuka, kitagonga mguu wa kiti, na mchezo umekwisha kabla mtoto hajageuza shingo. Hapo utasikia kwamba springi ni dhaifu, itafutwe kubwa zaidi. Sivyo. Nguvu ilikuwepo, ila ilitoka yote kwa mkupuo. Kazi ngumu ya mbunifu ni kuilazimisha springi igawe akiba yake kidogo kidogo, na kazi hiyo huanzia ncha ya pili ya mashine, mbali kabisa na springi yenyewe.

Mchoro ninaouchambua hapa ni wa kigari kidogo kinachobeba kikombe. Kinasimama tuli huku springi yake imejaa. Ukikiwekea kikombe kwenye sinia, kinaondoka taratibu. Ukikiondoa kikombe, kinasimama. Wazo si langu. Wajapani walikuwa na mwanasesere wa kupeleka chai zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na fundi Hosokawa Hanzo aliuchora utaratibu wake wa ndani katika kitabu chake Karakuri Zui cha mwaka 1796. Gia zilikuwa za mbao. Springi ilikatwa kutoka kwenye vile vipande vigumu vya kinywani mwa nyangumi, vinavyopinda bila kuvunjika. Kitabu hicho kinaeleza pia saa, na hilo linaeleweka: mwanasesere yule ni saa iliyovishwa kimono. Kilichoizuia springi yake isifyatuke ni kifaa kilekile kinachofanya saa iseme tik-tik.

Jambo moja nimelichukua kwake bila kubadilisha. Miguu ya mwanasesere ilionekana ikipiga hatua chini ya vazi, lakini mwili wote ulibebwa na magurudumu. Miguu ilikuwa geresha. Nawashauri wanaotaka kujenga kitu cha kutembea kwa springi wafanye vivyo hivyo. Mguu wa kweli hunyanyua mzigo na kuushusha kila hatua, na springi ndogo haina cha kutoa sadaka.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana matofali haya yana hesabu yake na usipoiheshimu hakuna kitakachokaa. Tofali lililosajiliwa Denmark tarehe 28 Januari 1958 lina vichwa vilivyoachana milimita 8, na bado linashikana na tofali la leo. Zilipoingia seti zenye gia na ekseli mwaka 1977, matundu ya ekseli yaliachana kwa kipimo hichohicho. Gia nazo zimekatwa kwa ujanja unaopendeza: idadi ya meno ndiyo kipenyo cha kazi kwa milimita. Gia ya meno 8 ina milimita 8, ya meno 24 ina milimita 24. Jumlisha hizo mbili, gawa kwa mbili, unapata milimita 16, yaani nafasi mbili kamili za matundu. Ya meno 40 na ya meno 8 zinakaa nafasi tatu. Hakuna haja ya kutoboa wala kupima; unahesabu meno tu.

Msafara wa gia katika kigari hiki una ngazi tatu. Ekseli ya springi ina gia ya meno 24 inayoendesha ya meno 8, na hapo mwendo unaongezeka mara 3. Ekseli hiyo ya pili ndiyo ya magurudumu. Kutoka hapo kuna 24 kwa 8 nyingine, kisha 40 kwa 8. Tatu mara tatu mara tano ni 45. Ekseli ya springi ikizunguka mara moja, ekseli ya mwisho inazunguka mara 45.

Ya nini kuongeza mwendo wakati tunataka kigari kiende polepole? Kwa sababu kila mwendo unapoongezeka, nguvu ya kuzungusha inapungua kwa kiasi hichohicho, na mahali penye nguvu ndogo ndipo penye kushikika. Tuseme springi iliyojaa inazungusha kwa newtoni-sentimita 5. Ukitaka kuizuia kwenye ekseli yake kwa mkono wa sentimita 5, utahitaji kubana kwa nguvu ya newtoni 1, karibu uzito wa gramu 100. Kikombe kidogo cha kuchezea hakiwezi kuondoa kizuizi kinachobanwa hivyo. Lakini nenda kwenye ekseli ya mwisho na mkono wa urefu uleule: sasa zinatosha gramu 2 na kitu, na kwa vile msuguano wa gia umeshakula sehemu yake njiani, hata pungufu ya hapo. Kijiko cha chai cha sukari kina uzito zaidi. Ndiyo maana sinia inaweza kufanya kazi ya swichi. Wenzo mmoja unapita chini yake. Upande mmoja unashuka kikombe kikiwekwa, upande wa pili unanyanyuka na kuachia ekseli ya mwisho. Kikombe kikiondoka, wenzo unarudi na kila kitu kinaganda.

Kwenye ekseli hiyo ya mwisho nimefunga pangaboi. Fundi wa Kijapani alitumia gurudumu la meno na kizuizi cha kuyumba. Kwa matofali hilo linawezekana na mlio wake ni mtamu, ila meno ya plastiki yakigongwa hivyo mashine nzima inatikisika, na chai ya kuchezea humwagika pia. Pangaboi ni kimya. Ni breki ya upepo ileile inayotumika ndani ya visanduku vya muziki.

Uzuri wake uko kwenye sheria moja ya hewa: ukizidisha mwendo mara mbili, upinzani wa hewa unazidi mara nne. Geuza hesabu hiyo uangalie springi inayochoka. Nguvu yake ikishuka hadi nusu, mwendo haushuki hadi nusu. Unabaki karibu asilimia 70. Kigari kilichoanza na sentimita 10 kwa sekunde kinaendelea kwa sentimita 7, na jicho la mtoto halioni tofauti kubwa. Kwa gurudumu la kipenyo cha milimita 43, sentimita 10 kwa sekunde ni robo tatu ya mzunguko, na pangaboi wakati huo linazunguka kama mara 11 kila sekunde.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu pangaboi linalojengwa kwa vipande vya LEGO vitupu ni dogo mno. Mapanga mawili ya sentimita 2 kwa 3, yaliyo karibu na ekseli, hewa inayapisha tu. Watu huongeza upana wa panga, na husaidia, lakini kuna njia bora zaidi. Panga lilelile likisogezwa mbali na ekseli mara mbili, breki inaongezeka mara nane: mara nne kwa sababu ya mwendo wa ncha, mara mbili kwa sababu ya urefu wa mkono. Kwa hiyo nimetumia ekseli mbili kama mikono, kila mmoja sentimita 5, na kwenye ncha nimebana vipande vya kadi ngumu ya boksi. Wapo watakaosema kadi ni udanganyifu kwa kuwa haikutoka kwenye seti. Waseme. Muhimu ni kwamba wenzo wa sinia unakamata ncha ya ekseli na hauigusi kadi, maana kadi ingepinda siku ya kwanza.

Kuna kishawishi kimoja cha kuepuka. Gia ya skrubu inaonekana kama njia ya mkato, kwa vile inabadilisha mwendo mara 24 kwa ngazi moja. Lakini skrubu ya LEGO inaendesha gia, haikubali kuendeshwa na gia. Ukiiweka kwenye njia ya kwenda kwenye pangaboi, springi itasukuma na hakuna kitakachosogea.

Baada ya mwendo kutulia, likaja tatizo la kutia ufunguo. Unapojaza springi unaizungusha kinyume, na kama msafara wote wa gia umeungwa moja kwa moja, magurudumu na pangaboi vinazunguka kinyume pia. Mzunguko mmoja wa ufunguo ni mizunguko 45 ya pangaboi. Mkono unachoka na kadi zinapukutika. Jibu limo ndani ya vile vigari vya watoto vya kuvutwa nyuma. Ukikifungua kimoja utakuta gia ambayo ekseli yake haikai kwenye tundu. Inacheza ndani ya ufa. Ikisukumwa upande mmoja inashika njia moja ya gia, ikisukumwa upande wa pili inaiacha. Kwa hila hiyo unakivuta kigari sentimita chache nacho kinakimbia sebule nzima, na springi ikiisha magurudumu yanaendelea kuserereka bila kuburuza gia.

Kwa matofali nimeigiza ufa huo kwa ufito mfupi wenye matundu, unaoning'inia kwenye ekseli yenyewe ya springi. Kwenye tundu la tatu la ufito huo kuna gia ya kati ya meno 8, ambayo haiachani kamwe na ile ya meno 24. Springi ikijazwa, ufito unaburutwa kuelekea nje na gia ya kati inajitenga na msafara. Ukiachia ufunguo, springi inaanza kurudi, ufito unageuka, gia ya kati inajipachika kwenye gia ya meno 8 ya ekseli ya magurudumu, na unasikia "krak" moja. Gia ya kati haibadilishi hesabu. Bado ni mara 3. Ila meno yakishashikana huuvuta ufito ndani zaidi, kwa hiyo lazima pawe na pini ya kuukomesha, la sivyo meno yanazama na kukwama.

Lakini ufito hautaburutwa kama unacheza bila msuguano. Kila mahali pengine kwenye mashine hii bushi ikibanwa dhidi ya ukuta ni kosa: inakula nguvu, na unapaswa kuacha mwanya wa unene wa karatasi. Hapa peke yake unaibana bushi makusudi, mpaka ufito uifuate ekseli kwa uzito fulani. Ikilegea, gia ya kati inabaki imening'inia na springi inajiachia yote kwa mlio mmoja. Ikikaza mno, ufunguo unakuwa mgumu.

Ufunguo wenyewe hauingii moja kwa moja kwenye ekseli ya springi. Unapitia gia ya meno 24 yenye kitovu kinachoteleza, iliyoandikwa ubavuni kwamba itateleza kati ya newtoni-sentimita 2.5 na 5. Mtoto mwenye bidii akiendelea kuzungusha springi iliyojaa, gia inateleza na hakuna kinachokatika. Ekseli ya springi nimeiacha fupi kadiri inavyowezekana, kwa sababu ekseli ndefu ya plastiki hujisokota kabla haijapitisha nguvu.

Fremu ilinipa heshima mpya kwa hesabu za milimita. Gia mbili zinapoendeshana husukumana, na kama moja iko juu ya nyingine, msukumo huo unayabandua matofali kwenda juu, upande ambao vichwa vinashika kwa udhaifu zaidi. Lazima ukuta ufungwe kwa ufito wa wima na pini. Shida ni kwamba tofali lina kimo cha milimita 9.6, si 8, hivyo matofali mawili yaliyopandana matundu yake hayalingani na ufito. Weka vipande bapa viwili katikati, kila kimoja milimita 3.2. Sasa kutoka tundu hadi tundu ni 9.6 na 6.4, jumla 16. Pini ya juu inaingia kwenye tundu la kwanza la ufito, ya chini kwenye la tatu, na ukuta hauendi popote.

Kilichobaki ni usukani. Mwanasesere wa Kijapani aligeuka na kurudi, na kigari hiki kinafanya hivyo kwa ile gia ya skrubu niliyoikataa mwanzo. Hapa inafaa, kwa sababu ndiyo inayoendesha. Imekaa kwenye ekseli ya magurudumu, na kila mzunguko mmoja wa gurudumu unasogeza jino moja la gia ya meno 24. Juu ya gia hiyo kuna kigingi, na kigingi kikifika kwenye wenzo wa gurudumu la mbele, kinalipinda. Springi ikitoa mizunguko 6, magurudumu yanapata 18, karibu mita 2.4; kigingi kikianza meno 9 kabla ya wenzo, kigari kinageuka mita 1.2 kutoka kilipoanzia na kubakiwa na nguvu ya kurudi. Nguvu hiyo ya kurudi ni ya mashaka kidogo, kwa vile mizunguko ya mwisho ya springi haishindi msuguano wa skrubu. Dawa ni kuikaza springi mzunguko mmoja au miwili wakati wa kuifunga, ili isifike kamwe kwenye ulegevu wake. Na gurudumu moja tu la nyuma ndilo liendeshwe. La pili liachwe huru kwenye pini laini ya kijivu, si ile nyeusi yenye mikwaruzo, la sivyo kwenye kona kigari kitaburura tairi na kusimama.