Mteja Asiye Mnunuzi: Uhakiki wa Istilahi za Kugawana Mafaili

Makala haya yanakusudia kuchunguza kundi dogo la istilahi za kompyuta zilizoingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri za programu, na ambazo sasa zinaonekana katika maagizo wanayopewa walimu, watunza nyaraka na watu wengine wanaotaka kuweka ghala la mafaili nyumbani au shuleni. Tumechagua Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika kuwa mahali pa kuzipimia istilahi hizo kwa sababu mbili. Kwanza, msamiati wa gati na mwalo, ambao watungaji wa istilahi za kompyuta wameuazima sana, uko hai huko vinywani mwa watu. Pili, watu wengi wa huko hununua intaneti kwa vifurushi vya simu. Neno la maagizo likipotosha, hasara yake huonekana siku hiyo hiyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba kazi ya kuvipa vitu vigeni majina si ngeni katika nchi ile. Kiswahili kilifika Ujiji katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, kikawakuta Waha na lugha yao, kisha kikavuka ziwa. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, na meli Graf von Goetzen iliposhushwa majini mwaka 1915 (ndiyo iliyorudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba), maneno kama shehena, gati, ghala, kupakia na kupakua yalipata kazi kubwa zaidi. Mawili ya mwisho ndiyo yaliyopandishwa baadaye hadi kwenye kompyuta.

Kifaa chenyewe

Kabla ya kuhakiki jina, hapana budi kukifahamu kitu. Ghala la nyumbani ni kasha dogo lenye diski moja au zaidi, lililounganishwa na ruta kwa waya. Kompyuta na simu zote za nyumba hiyo huweza kusoma mafaili yaliyomo. Ndani ya kasha husakinishwa programu kama Transmission au qBittorrent, ambayo hufanya kazi usiku na mchana bila ya kompyuta nyingine kuwashwa.

Programu hizo hufuata utaratibu wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Faili hukatwa vipande vingi, na kila kipande huwa na alama yake ya ukaguzi. Mashine inayolitaka faili hukusanya vipande kutoka mashine nyingi kwa pamoja. Na huku ikikusanya, huwapa wengine vipande ilivyokwisha kuvipata. Umeme ukikatika, vipande vilivyokwisha kukaguliwa havipotei, na kipande kilichoharibika huchukuliwa upya peke yake. Debian hutoa mfumo wake kwa njia hii. Maktaba ya Internet Archive ilianza kuitumia mwaka 2012. Na Kiwix, mradi unaowezesha Wikipedia kusomwa bila ya intaneti, nao hutoa mafaili kwa njia hiyo. Kwa hiyo shule ya msingi ya Ujiji yaweza kuichukua mara moja Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ikaiweka katika kasha, na wanafunzi wakaisoma kila siku pasipo kununua kifurushi.

Sasa tumpe mwalimu wa shule hiyo maagizo. Tumeyatunga wenyewe, lakini kwa maneno yaliyozoeleka au yanayopatikana kwa kufungua kamusi tu:

"Sakinisha mteja wa torenti katika hifadhi. Ruhusu wateja wa nje. Fungua bandari 51413. Weka kikomo cha kupakia. Subiri mfuatiliaji akupatie rika. Faili likikamilika, endelea kupanda mbegu, usiwe ruba. Kisha shiriki folda."

Mwalimu anajua Kiswahili, na kila neno hapo ni la Kiswahili au limekwisha kuwa la Kiswahili. Hata hivyo akiyafuata maagizo hayo kwa maana anazozijua, atafanya karibu kila jambo kinyume. Tuyatazame moja moja.

(a) Mteja

Mteja ni mnunuzi wa kila mara, au mtu anayehudumiwa na wakili, benki au duka. Neno hili lina mantiki pale ambapo mashine moja huhudumia na nyingine huhudumiwa. Katika utaratibu tulioueleza hakuna muuzaji wala mnunuzi: kila mashine hutoa na kupokea. Kuiita programu hiyo mteja ni kuuficha msingi wake.

Hatari ni kubwa zaidi katika agizo la pili. "Ruhusu wateja wa nje" maana yake ni kuziachia mashine zilizo nje ya nyumba ziiendeshe programu iliyomo katika kasha. Msomaji wa kawaida atadhani anakaribisha watu wanaotaka huduma, jambo jema kabisa, naye ataruhusu. Ikiwa hakuweka nywila, ghala lake limebaki wazi kwa ulimwengu mzima.

Tena kuna suala la ngeli. Mteja yumo katika ngeli ya watu, kwa hiyo wafasiri huandika "mteja ameunganishwa", "wateja watatu wametoka". Msomaji huona watu pasipo na watu. Istilahi ya mashine ikiwekwa katika ngeli ya watu, upatanisho wa sarufi wenyewe hudanganya.

(b) Pakia na pakua

Jozi hii ni miongoni mwa zilizofanikiwa, na haifai kuondolewa. Mtandao ni chombo, mashine yangu ni gati: ninachoteremsha kutoka chomboni nimekipakua, ninachokitia nimekipakia. Mchukuzi wa bandari ya Kigoma hahitaji kueleweshwa, wala mpishi anayepakua wali kutoka sufuriani. Walakini jozi hii ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza imeletwa na wafasiri. Katika programu nyingi za simu, "pakia" ni kupeleka faili mtandaoni. Na papo hapo "inapakia" huandikwa kwenye kioo wakati ukurasa unapofunguka, yaani data inapokuja kwetu. Neno moja limebeba mielekeo miwili inayopingana. Mwalimu aliyezoea kuona "inapakia" kila anapofungua ukurasa atadhani "kikomo cha kupakia" ni kikomo cha vinavyoingia. Ataacha vinavyotoka bila ya kikomo, na kasha litagawa vipande usiku kucha mpaka kifurushi kiishe. Tiba ni nyepesi: ukurasa unaofunguka na uandikiwe "unafunguka", na pakia ibaki na kazi yake moja.

Kasoro ya pili imo katika taswira yenyewe. Shehena ikipakuliwa, meli hubaki tupu. Faili likipakuliwa, lilikotoka hubaki vilevile. Katika matumizi ya kawaida tofauti hii haidhuru. Hapa inadhuru, kwa kuwa aliyepakua amekuwa mtoaji wakati huohuo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahusu pia kusambaza nakala za kazi ya mwingine. Mtu anayedhani anapakua tu huku mashine yake inasambaza ana haki ya kuelezwa hivyo kwa neno lililo wazi.

(c) Mbegu na ruba

Mwenye faili kamili ameitwa kwa Kiingereza kwa jina la mbegu, na asiyelikamilisha kwa jina la mdudu anyonyaye damu. Mbegu inaweza kukubalika, kwa sharti kwamba tusiseme "kupanda". Anayepanda huifukia mbegu shambani mwake. Huyu huitoa kwa wengine naye akabaki nayo. "Kutoa mbegu" ni sahihi zaidi.

Ama ruba, hilo ni tusi. Katika utaratibu huu kila mashine huanza ikiwa haijakamilisha faili, na hutoa vipande tangu ipate cha kwanza. Kumwita mwanafunzi ruba kwa kuwa hajamaliza darasa la kwanza si haki. Watumiaji wa Kiingereza walilitumia jina hilo kwa utani wa wenyewe kwa wenyewe; mfasiri halazimiki kuubeba utani wa watu wengine katika maagizo ya shule.

(d) Mfuatiliaji

Mashine hii haimfuatilii mtu. Huweka orodha ya mashine zinazoshughulika na faili fulani, na anayeuliza huelekezwa kwa wenziwe. Faili lenyewe halipiti kwake. Kwa masikio yetu mfuatiliaji ni mpelelezi, na mtumishi wa serikali akilisoma neno hili katika maagizo ya ofisi yake atasita, na kusita kwake kutakuwa na sababu. Katika mwalo kama wa Kibirizi, anayeandika daftari la vyombo vilivyofika si mvuvi wala si askari. "Daftari la wagawanaji" linaeleza kazi yote.

(e) Bandari

Hili ni kosa la anayefasiri kwa kamusi peke yake. Neno la Kiingereza lina maana ya bandari na pia ya tundu au mlango wa kupitishia. Ruta haina bandari. Ina milango yenye namba, na 51413 ni mlango ambao Transmission huutumia ikiwa haikupangiwa mwingine. Agizo la kufungua "bandari" hucheka lenyewe mbele ya mtu wa Kigoma. "Mlango" umekwisha kutumiwa na mafundi wengi na watosha.

(f) Hifadhi na shiriki

Kitenzi "hifadhi" hakina tatizo. Jina "hifadhi" lina tatizo Kigoma kuliko kwingineko, kwani huko ni Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, na Mahale, tangu 1985. Ghala ni neno lililo wazi, nalo ni jirani wa pakia na pakua.

"Shiriki" imetapakaa katika simu zetu kwa maana ya kumpa mwingine. Kwa Kiswahili mtu hushiriki katika jambo. "Shiriki folda" haina kitenzi chake cha kweli. Sheria nayo imekwisha kulitumia shina hilo katika "hakishiriki". "Gawana" ni bora, na hapa ina fadhila ya ziada, maana faili kweli hugawanywa vipande. Lakini tusifike mbali tukaiita programu "kigawi", kwa kuwa walimu wa hisabati wana vigawe na vigawo vyao tangu zamani, na mwanafunzi hapaswi kuvichanganya.

Funzo la mkongo

Mfano mmoja unaonyesha kwamba si kila mgongano wa maana ni kosa. Njia kuu ya mawasiliano ya nchi imepewa jina la Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Mwambaoni mwa Tanganyika, Mkongo ni jirani wa ng'ambo ya ziwa. Hata hivyo hakuna anayepotea: "Mkongo amefika Kigoma" ni habari ya mgeni, "mkongo umefika Kigoma" ni habari ya mawasiliano. Ngeli imezitenga maana mbili zilizokutana katika sauti moja. Lugha yetu ina chombo hiki ambacho Kiingereza hakina, na mtunga istilahi anayekiacha bila ya kukitumia amejinyima msaada. Mteja ameshindwa hasa kwa sababu ngeli yake haikumtenga.

Wako watakaosema kwamba ni heri kuyatohoa maneno yote ya Kiingereza na kuepuka mabishano. Hoja hii ina uzito wake: fundi akitafuta msaada atayakuta maneno hayohayo, na sisi wenyewe tumekubali torenti, diski, ruta na folda. Lakini utohozi hufaa kwa jina la kitu, si kwa jina la tendo linalomletea mtu gharama au dhima. Ruta hata isipoeleweka asili yake huonekana kwa macho. Kutoa vipande usiku hakuonekani. Neno peke yake ndilo linalomwambia mtu kwamba jambo hilo linatendeka.

Tunapendekeza basi istilahi hizi zitazamwe kwa pamoja kama mfumo, wala si moja moja: ghala la nyumbani, programu ya kugawana, mashine mwenza (nayo ipatanishwe kama mashine: "imeunganishwa"), kupakua kwa kuingiza na kupakia kwa kutoa, kutoa mbegu, mashine pokezi kwa ile isiyokamilisha, daftari la wagawanaji, mlango. Tuyaandike upya maagizo ya mwalimu:

"Sakinisha programu ya kugawana katika ghala. Weka nywila, na usiruhusu mashine za nje ya nyumba kuiendesha. Fungua mlango 51413 katika ruta. Weka kikomo cha kupakia, yaani cha vipande vinavyotoka kwako. Hivyo navyo hulipiwa katika kifurushi. Subiri daftari likuonyeshe mashine wenza. Faili likikamilika, amua kama utaendelea kutoa mbegu, na kwa muda gani. Kisha iweke folda wazi kwa kompyuta za shule."

Maagizo haya ni marefu kuliko ya kwanza. Urefu huo umetokana na mambo matatu ambayo istilahi za awali ziliyaficha: nani anaingia, nini kinatoka, na nani analipa. Wafasiri watakaoona kwamba yaweza kusemwa kwa ufupi zaidi bila ya kulificha hata moja kati ya hayo, wanaombwa walete mapendekezo yao, na wayapime kwanza kwa kumpa mtu asiye fundi ayafuate.