Miguu Ndiyo Inayoaga Kwanza

Mashabiki wa ngumi wa Dar es Salaam huangalia mikono. Wakitoka ukumbini usiku, iwe ni Tandale au viwanja vya Sabasaba, gumzo ni ile ngumi ya raundi ya tano, ile ya kulia iliyomkalisha mtu chini. Mimi huangalia miguu. Bondia aliyefundishwa vizuri anasogea kwa hatua ndogo mno, ukimtazama juu juu utadhani amesimama. Akienda mbele, mguu wa mbele hutangulia. Akirudi, wa nyuma ndio unaoanza. Hapishanishi miguu hata siku moja, kwa sababu aliyeipishanisha akiguswa kidogo tu yuko chini. Na ile ngumi inayoshangiliwa inaanzia kisiginoni, inapanda nyongani, bega linaisukuma, mkono kazi yake ni kuifikisha tu. Yote hayo yanatokea kabla hujapepesa macho, na nyuma yake kuna miaka ya jioni baada ya jioni kwenye sakafu ya saruji, kocha akifoka: "Rudisha mkono! Rudisha mkono kidevuni!"

Ufundi huu una historia ndefu kwetu kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1970 kule Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati ya Michezo ya Jumuiya ya Madola na kurudi na medali ya fedha. Aliyemshinda, Mwingereza John Conteh, miaka minne baadaye akawa bingwa wa dunia wa WBC. Mwaka 1998 Michael Yombayomba akaleta dhahabu ya uzito wa bantam kutoka Kuala Lumpur. Na Keko, wilayani Temeke, nyumba moja tu ya akina Matumla imetoa mabondia wa kutosha kujaza kadi ya pambano: Rashid, yule Snake Man aliyevaa mkanda wa WBU, ndugu zake, na baadaye mwanawe Mohamed.

Ukitaka kuuona ufundi wenyewe kwa karibu, usingoje pambano. Fika jimu mapema, Keko au Mwananyamala au Mbagala, wakati wa kufunga bandeji. Kitanzi kinaingia kwenye dole gumba, bandeji inazunguka kifundo cha mkono, inapanda mgongo wa kiganja, inafunika vifundo vya vidole, inapita katikati ya kidole na kidole, inarudi ilikotoka. Kijana hujifunga harakaharaka, akili yake iko kwenye glovu. Bondia mkongwe akimfungia, kwanza anamwambia, "Tanua vidole, mwanangu, vyote," kwa kuwa mkono ukikunjwa hujaa, na bandeji iliyofungwa juu ya mkono uliolegea itakuja kuzuia damu. Akimaliza anamwambia akunje. Anaangalia kucha kama zimebadilika rangi, anabonyeza vifundo kwa dole gumba lake, kisha anafungua mizunguko miwili na kuanza upya. Hakuna anayempigia makofi kwa kazi hiyo. Lakini mkono ule utapiga begi raundi sita na mifupa yake itabaki mizima.

Sasa mtu huyohuyo mwenye mikono inayojua hivyo anapanda ulingoni akiwa na miaka 36, au 38, kutetea jina. Jicho linaona ngumi ikija, tena pengine linaiona mapema kuliko zamani, maana limeshaiona mara nyingi mno. Mwili ndio unaojibu baada ya kuulizwa mara mbili. Hatua ndogo zinakuwa kubwa na chache. Anaanza kuegemea kamba. Anamkumbatia mpinzani ili mwamuzi aje awaachanishe na yeye apate pumzi tatu za bure. Anapumzika dakika mbili na nusu za raundi, kisha sekunde za mwisho anarusha mvua ya makonde ili majaji waandike walichokiona mwisho. Huo nao ni ufundi, na mimi naupenda sana, kwa sababu ni akili ikibeba kile ambacho mwili umekitua.

Kinachomdanganya ni mkono. Nguvu ya ngumi huondoka mwisho kabisa. Jioni akipiga pedi, mlio unasikika hadi barabarani, wapita njia wanasimama, kocha anatikisa kichwa kwa furaha, na yeye anaamini kwamba yote yapo. Pedi hairudishi ngumi. Zile anazopigwa kwenye mazoezi na vijana wa miaka 22 wenye njaa ya jina haziandikwi kwenye rekodi yoyote, nazo ni nyingi kuliko za mapambano yote aliyowahi kucheza. Tena kuna uzito. Mwili wa miaka 37 haupungui kama wa miaka 25, kwa hiyo wiki ya mwisho anakimbia juani amejifunika makoti, anaacha maji, anapanda mizani akiwa amekauka midomo, na kesho yake anakwenda kupigwa kichwani. Mtu aliyekosa maji akapigwa kichwani yuko hatarini kuliko wakati mwingine wowote.

Mji huu uliwahi kumpokea bingwa aliyekuwa katika njia panda hiyo. Februari 1980 Muhammad Ali alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Jimmy Carter kuiomba Afrika isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Habari ile husimuliwa kama ya siasa, na ni ya siasa kweli. Lakini mimi humfikiria yule mtu mwenyewe: ana miaka 38, ameshastaafu, dunia nzima inamjua, na kazi aliyopewa si ile anayoiweza kuliko binadamu wote. Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba, alikuwa ulingoni Las Vegas mbele ya Larry Holmes, kijana aliyewahi kumfanyisha mazoezi. Ilipoisha raundi ya 10 kocha wake, Angelo Dundee, akasema basi. Ndani ya kona ileile kulikuwa na sauti iliyoomba raundi moja zaidi. Dundee hakuisikiliza. Hata hivyo, mwaka uliofuata Ali alirudi ulingoni mara moja tena, na mwaka 1984 madaktari wakamkuta na ugonjwa wa Parkinson.

Kwetu nitamtaja Francis Cheka, mtoto wa Morogoro ambaye Dar es Salaam ilimfanya wake. Tarehe 30 Agosti 2013, pale Diamond Jubilee, alimshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi na kuvaa mkanda wa dunia wa WBF. Usiku ule alikuwa na miguu. Alimwacha Mmarekani apige hewa, akamjibu, akaondoka. Desemba 2016 akasafiri kwenda New Delhi kucheza na Vijender Singh, Mhindi mwenye medali ya shaba ya Olimpiki ya Beijing, ambaye lile lilikuwa pambano lake la nane tu la kulipwa. Cheka alikuwa na mapambano zaidi ya 40 na umri wa miaka 34. Likaisha raundi ya tatu, Cheka akiwa ameshindwa. Uzoefu wote ule ulikuwamo ndani yake. Haukupata pa kutokea.

Watu husema kwa wepesi, "Si atundike tu glovu." Atundike halafu iweje? Bondia wa huku kwetu hana mafao wala kiinua mgongo. Wengi wao wanaendesha bodaboda, wanalinda mageti, wanabeba mizigo Kariakoo, na pambano moja zuri linaweza kulipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto kwa mpigo. Juu ya fedha kuna jina. Mtaani anaitwa bingwa na muuza chipsi, na kondakta, na watoto wanaotoka shule. Mapromota wanalijua hilo, kwa hiyo jina la mkongwe linawekwa kwenye bango ili kijana anayekuzwa apate ushindi wa kutajwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mzee anapewa fedha ya kumalizikia, na inaitwa nafasi ya mwisho.

Uamuzi huu usiachwe mikononi mwake peke yake. Moyo uliomfanya asimame baada ya kuangushwa, na ndio uliompa mkanda, hauwezi kugeuka siku moja ukamshauri akae chini. Daktari awe na neno. TPBRC, inayosimamia ngumi za kulipwa nchini, iwe na neno kupitia leseni, na vipimo vya kichwa visiwe vya kujaza fomu. Mwishoni mwa 2024 bondia kijana alifariki baada ya kupigwa KO katika pambano la Tandale. Ikiwa kijana anaweza kwenda hivyo, sioni tunavyothubutu kumpa leseni mtu wa miaka 40 kwa kuwa tu ana jina. Na kocha wake awe na ujasiri wa Dundee, ingawa najua kona nyingi zinakula kutokana na pambano lilelile zinalotakiwa kulisimamisha.

Na kazi ya kufanya baada ya kutundika glovu ipo. Habibu Kinyogoli aliiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na miongo kadhaa baadaye vijana wa Ilala walikuwa bado wanamkuta pale Amana akiwafundisha kusimama, kukwepa, kurudisha mkono. Ufundi wake haukupungua hata chembe kwa yeye kuacha kupigwa. Tatizo ni kwamba kazi hiyo tunaitaka bure. Kijana akishinda mkanda, kocha anapewa nauli na picha ya pamoja. Promota anayelipia mabango, taa, muziki na MC anaweza kumlipa pia mkongwe anayefunga bandeji na kukaa kona usiku huo, kwa mkataba ulioandikwa, fedha ikitolewa kabla ya kengele ya kwanza, na jina lake likatangazwa ukumbini pamoja na majina ya wanaopigana.