Ufundi wa Kupatanisha Majedwali Yasiyoonana

Ujifunzaji shirikishi wa mashine, yaani njia ya kuifunza modeli moja kwa data zilizotawanyika mikononi mwa wengi bila data hizo kuhamishwa, ulipata umbo lake la leo mwaka 2016, H. Brendan McMahan na wenzake wa Google walipotoa kanuni yake wakilenga simu za mkononi. Hata hivyo, ufundi huu hupimwa kwa ukali zaidi kwenye majedwali, kwa sababu picha hujieleza kwa kiasi fulani, ilhali tarakimu ndani ya safu haina maana mpaka ijulikane aliyeiandika alikusudia nini.

Mwanagenzi hana haja ya kukatakata jedwali moja ili apate hospitali za kubuni, kwani kumbukumbu za ugonjwa wa moyo zilizohifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, Irvine, tangu 1988 zilitoka katika vituo vinne vya kweli: Cleveland yenye wagonjwa 303, Hungaria 294, Long Beach 200 na Uswisi 123. Seva huvipa vituo vyote modeli ileile, tuseme regresheni ya lojistiki, ambayo huzidisha kila kipimo kwa kizidishi chake na kugeuza jumla yake kuwa uwezekano wa ugonjwa. Kila kituo hurekebisha vizidishi kwa kutumia wagonjwa wake na kuvirudisha hivyo tu, kisha seva hukokotoa wastani kwa kuzingatia idadi ya wagonjwa, na duru hurudiwa mpaka modeli itulie.

Hayo ndiyo mepesi. Ustadi hasa umo katika maandalizi, ambayo vitabu vingi huyapita haraka mno. Katika jedwali la Uswisi, safu ya lehemu ina sifuri kwa kila mgonjwa, thamani isiyowezekana kwa mtu aliye hai, ambayo bila shaka inasimama mahali pa kipimo kisichokuwapo. Ili safu zote ziwe na mizani moja, vituo hupeleka idadi, jumla, na jumla ya miraba ya thamani zao, na kwa namba hizo tatu wastani na mtawanyiko wa pamoja hupatikana bila mstari hata mmoja kufichuliwa. Lakini sifuri 123 zikijipenyeza humo, wastani hushuka na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa hakuna anayeona. Kwa hiyo fundi hodari huuliza kwanza thamani ndogo kabisa ya kila safu ni ipi, mapengo ni mangapi, na kipimo kilichukuliwa kwa vizio gani.

Miti ya maamuzi, ambayo mara nyingi huishinda mitandao ya neva kwenye majedwali, haikubali wastani wa namna hii, maana miti miwili hugawanya data mahali tofauti. Hapo vituo huchangia majumlisho ya kila mgawanyo, na mti mmoja hujengwa kwa pamoja. Na kwa kuwa vizidishi navyo vyaweza kuvujisha siri, kila kituo huongeza namba za kubahatisha zilizopangwa zifutane zinapojumlishwa, hivyo seva huona jumla peke yake.

Upimaji wa matokeo nao hufanywa kituo kwa kituo: katika wagonjwa 123 wa Uswisi ni 8 tu waliokutwa hawana ugonjwa, kwa hiyo modeli inayomhukumu kila anayeingia kuwa mgonjwa hupata huko usahihi wa asilimia 93, ilhali Cleveland, ambako wasio na ugonjwa ni 164, haifikii hata nusu.