Ufundi wa Kukieleza Kipuri

Fundi anayechonga chuma hasifiwi vya kutosha, lakini yupo anayesahaulika zaidi yake: yule anayeamua, kabla tupa haijagusa kitu, kinachochongwa ni nini hasa. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akapendekeza pembe moja ya hesi, nyuzi 55, na idadi ya hesi kwa inchi kulingana na unene wa bolti. Hakubuni bolti mpya. Aliieleza tu, na tangu hapo karakana ikaweza kutengeneza nati ya bolti ambayo haijapata kuiona.

Ugumu ni kujua kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Beringi ni bidhaa kamili kwa anayeiuza. Kwa mtengeneza pampu ni kipuri. Na pampu nayo, kwa mwenye shamba la umwagiliaji, ni kipuri cha kitu kikubwa zaidi. Baltimore ilipoungua Februari 1904, wazimamoto walifika kutoka Washington, Philadelphia na New York, na mipira mingi waliyokuja nayo ikagoma kuingia kwenye mabomba ya mji ule. Viungio havikuwa vibovu. Kila mji ulikuwa umekieleza cha kwake kana kwamba matumizi yake yanakomea mpakani. Majengo zaidi ya 1,500 yakateketea.

Atasema mtu: mbona fundi wa mtaani hupiga tupa mpaka kitu kikakaa, bila mchoro wowote? Kweli, na jicho lake ni la kuheshimiwa. Ila maarifa hayo hubaki ndani ya mashine ile moja. Spea ikikatika, kazi huanza upya. Pingamizi zito zaidi ni kwamba maelezo yakishazoeleka hugeuka ukaidi. Mmarekani William Sellers alichagua nyuzi 60 mwaka 1864, kwa kuwa ni rahisi kuzichonga na kuzipima, na katika Vita Kuu ya Pili bolti za washirika wawili, Uingereza na Marekani, zilikataana. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana: pembe ya nyuzi 60 kwa wote, na mashina ya hesi yawe ya mviringo. Kuhusu ncha ya hesi, iwe bapa au ya mviringo, hawakumlazimisha mtu, maana haizuii nati kuingia. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi wao ulipoonekana zaidi.