Jiko na Upelelezi: Kitabu cha Sally Andrew Kisomwapo Handeni na Korogwe

Hadithi ya upelelezi katika Kiswahili ilipata sura yake kwa mtu wa kiko. Muhammad Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda katika mashindano ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichopigwa chapa 1960, alitupa Bwana Msa, ambaye huketi, huvuta kiko, hufikiri, kisha humfumbulia Najum mambo ambayo Najum aliyaona asiyatambue. Jikoni si mahali pake pa kazi.

Sally Andrew wa Afrika Kusini alishika njia nyingine katika Recipes for Love and Murder, kilichotoka 2015. Mpelelezi wake ni mjane, Tannie Maria. Tannie katika Kiafrikana ni shangazi, jina la heshima. Akaa katika nyika ya Klein Karoo na kuandika katika gazeti la mji mdogo. Watu humwandikia mashaka yao ya mapenzi, naye huwajibu kwa shauri na kwa chakula cha kupika. Mwanamke mmoja apigwaye na mumewe aandika, baadaye auawa. Maria naye aliteswa na marehemu mumewe, hata barua ile haikumwia ngeni.

Kitabu chavutia, na kicheko chake ni cha kweli. Lakini msomaji wa Handeni ataona jambo moja upesi: katika kurasa hizi chakula hakikosekani. Katika karne ya 19 ukame na njaa viliwatoa Wazigua wengi kwao, wakavushwa bahari mpaka Usomali, wakawa watumwa katika bonde la Juba. Baadhi ya wazao wao, wakisema Kizigua bado, walirudi wakiwa wakimbizi wa vita vilivyozuka 1991, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Mahali penye habari kama hiyo, mpelelezi hataanza kwa kuuliza nani alitia sumu mchuzini. Atauliza nani alikuwa na unga, na nani alijua kwamba anao.

Wala hatakosa maarifa. Mpishi wa bada ajua muhogo upi ni mchungu, na jinsi ya kuuondolea ubaya kabla ya kuusaga, kwa kuwa usipotayarishwa vyema huua. Mtu huyo hunusa, huonja, hukumbuka nani alikula na nani alisusa. Bwana Msa angemwonea wivu. Na Korogwe je, ambako abiria wa mabasi hushuka, hula mbiombio, wakaondoka? Shahidi amekwisha fika Moshi, na maiti haijapoa.

Mapishi yaliyotiwa mwishoni mwa kitabu ningeyaondoa. Ni pambo la muuza duka. Barua ya yule mwanamke nisingeigusa. Aliomba msaada, akajibiwa kwa huruma, na huruma haikumwokoa. Maria ajua hivyo, ndiyo maana hawezi kutulia jikoni mwake.