Tunatembea Tshangalele, lakini tunaona nini?

Kuna namna mpya ya kutembea ambayo inasifiwa sana, nami nataka kuisema kidogo, hata kama wengine watakasirika. Kila mtu anajipangia safari yake. Anakamata motokari Lubumbashi, anapita Likasi, anafika Mwadingusha, anapiga foto mbele ya maji, anakula samaki na bukari, na jioni amerudi nyumbani. Hakuna kiongozi, hakuna shirika la safari, hakuna wa kumwambia pita hapa, simama pale. Uhuru kabisa. Uhuru ni kitu kizuri, sikatai, na kama barabara zetu zingekuwa nzuri zaidi, vijana wengi wangeenda. Lakini ukimuuliza yule msafiri ameona nini, atakujibu: "Niliona natiri, muzuri sana!" Njo hapo tunaanza kugombana.

Tshangalele si natiri kwa maana hiyo. Ni ziwa lililotengenezwa na watu. Mto Lufira ulikuwa unapita katika bonde pana, halafu unaanguka pale Mwadingusha kwa kimo cha zaidi ya metre 100. Union Minière ilihitaji umeme kwa mitambo yake ya shaba. Ikajenga baraji, na sentrali ikaanza kazi mwaka 1930. Maji yakarudi nyuma, yakalala juu ya bonde, yakaenea hata zaidi ya kilometa 400 za mraba. Hayana kina kikubwa. Fasi nyingi ni matope na majani marefu kuliko ziwa lenyewe. Na yale maporomoko ambayo msafiri anayapenda, nguvu yake kubwa inapita kwanza mu mabomba kwenda kuzungusha mashini. Akifika mwisho wa kipwa akakuta maji membamba juu ya mawe, asishangae: maji yako kazini.

Bonde lile lililofunikwa, nani alilima pale? Nani alizikwa pale? Hakuna foto inayouliza. Anayesimama ku baraji anageuza mgongo kwa ziwa, anatazama maanguko. Mtoto aliyezaliwa mwaka maji yalipopanda angekuwa leo na zaidi ya miaka 90. Tukichelewa kuuliza, tutabaki na mashini tu za kutujibu.

Angalia majina pia. Wabelgiji walipaita Chutes Cornet, kwa heshima ya Jules Cornet, mtaalamu wa mawe aliyefika Katanga na msafara wa Bia na Francqui wa miaka ya 1891 hadi 1893. Sentrali ya Mwadingusha ikaitwa Francqui. Ile ya Koni, chini kidogo kwenye mto ule ule, iliyoanza mwaka 1950, ikaitwa Bia. Watu watatu wa msafara mmoja, na Lufira ikabebeshwa wote watatu! Majina hayo yameondolewa, lakini bado utamsikia mtu wa masomo akisema "Cornet", kama vile Mwadingusha ni jina la watu wa mugini.

Ninalinganisha na Bunkeya. Kule Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, na Bayeke wanaikumbuka tarehe ile kila mwaka. Mtu akienda Bunkeya siku hiyo hawezi kupita kama upepo. Anapokelewa, anakaa, anasikiliza wenye habari wakiisema wenyewe, ngoma inalia, mambo yanafuata desturi. Ni kweli, anayosikia pale ni habari ya Bayeke. Basanga, waliomwasi Msiri mwaka ule ule wa 1891, wanayo yao, na haifanani. Lakini mbili ni afadhali kuliko hakuna, na ku Mwadingusha msafiri wetu anapata hakuna.

Na Basanga si watu wa kupitwa hivi. Kabla ya Union Minière, watu wa nchi hii walikuwa wanachimba mawe ya kijani, na wakati wa kipwa wanayayeyusha mu tanuru za udongo wa kichuguu. Ni kazi ya chama cha mafundi, yenye dawa zake, miiko yake na wakubwa wake. Mgr de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926 na akawaita wala-shaba, yaani watu wanaoishi kwa shaba. Ile misalaba midogo ya shaba waliyoimwaga mafundi wa Katanga ilisafiri mbali: waliochimba makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957, waliikuta pamoja na wafu. Mwaka 1960 misalaba mitatu ikawekwa mu bendera ya Katanga. Kijana anaivaa shingoni, ananunua mfano wake sokoni, anapita Likasi kwa motokari bila kujua kwamba anakanyaga nyumba ya mafundi wale.

Hata samaki ile anayoisifu ina habari yake. Maji machafu ya viwanda vya madini vya Likasi yanashuka kwa mito midogo, yanaingia Lufira, na ziwa liko chini yake. Wataalamu, na wa Université ya Lubumbashi kati yao, waliandika mwaka 2010 juu ya metali zinazoingia katika vyakula vya bonde hili. Wavuvi wa Kapolowe hawana ziwa lingine. Msafiri anakula sahani moja, anaenda. Wao wanakula kila siku.

Sisemi watu wasiende bila kiongozi. Waende, tena wengi. Ninasema desturi yetu ilikuwa na kitu ambacho uhuru huu mpya umekitupa: mgeni anafika kwanza kwa shefu, anasema jina lake na sababu ya safari, na wenye bulongo wanampa mtu wa kumwonyesha. Hiyo haikuwa ruhusa tu. Ilikuwa namna ya habari kulipwa na kuhifadhiwa. Leo pesa inabaki ku bariyeri, na mzee mwenye habari anakaa bila mtu wa kumuuliza.

Kwa atakayefika safari hii, asiishie ku baraji. Apite upande wa Kapolowe, atafute bwato, aingie ndani ya majani. Sehemu ya bonde hili UNESCO iliiweka kuwa hifadhi ya viumbe mwaka 1982. Mwaka huo huo wataalamu wawili, Louette na Benson, walieleza kwa mara ya kwanza ndege mmoja mdogo wa manjano, mshona viota, aliyekuwa amekamatwa hapa mwaka 1960. Hajulikani mahali pengine duniani. Miaka mingi hakuna mtaalamu aliyeandika kwamba amemwona tena, mpaka mwaka 2009 ilipotangazwa kwamba yuko, anajenga juu ya vichaka vinavyoota mu maji, ku ziwa hili hili la baraji. Mu vitabu anaitwa Ploceus ruweti, kwa jina la Ruwet, Mbelgiji aliyemkamata. Muulize mwenye bwato wao wanamwita nani.