Kuwahesabu Wasiopokea: Upimaji wa Uchumi wa Vijiji vya Siaya

Miradi ya kuinua uchumi wa mashinani hupimwa mara nyingi kwa kulinganisha hali ya walengwa kabla na baada ya kusaidiwa, njia isiyoweza kutenganisha kazi ya mradi na kazi ya msimu mzuri wa mvua, na ambayo, vibaya zaidi, huwaacha nje ya hesabu majirani wasiopewa kitu, ilhali fedha ikishaingia kijijini haikai kwa aliyepewa. Utafiti ulioanza mwaka 2014 katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, ambao Dennis Egger na wenzake waliuchapisha katika jarida la Econometrica mwaka 2022, ulikusudiwa kuziba pengo hilo.

Shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini zaidi ya 10,500, zilizotambuliwa kwa nyumba zao za kuezekwa nyasi, takriban dola 1,000 za Marekani kila moja. Uteuzi ulifanywa kwa nasibu, yaani kwa mfano wa kura, tena katika ngazi mbili: kwanza maeneo yaligawanywa kati ya yale ambayo theluthi mbili ya vijiji vyake vingepata fedha na yale ambayo ingepata theluthi moja tu, kisha vikateuliwa vijiji vyenyewe kati ya 653 vilivyohusika. Ngazi ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu iliwezesha kaya isiyopokea iliyozungukwa na fedha nyingi ilinganishwe na nyingine kama hiyo iliyozungukwa na fedha chache. Bila hivyo, faida ya jirani ingeonekana kama ushahidi kwamba mradi haukuleta tofauti.

Matumizi ya wasiopokea yalipanda kwa kiwango kilichokaribia cha waliopokea. Bei, zilizofuatiliwa sokoni mwezi baada ya mwezi, zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, ingawa fedha hizo zilizidi asilimia 15 ya pato la eneo, na maelezo yanayoaminika ni kwamba biashara za vijijini zilikuwa na uwezo uliolala: mwenye kinu cha posho anayeshinda akisubiri wateja anaweza kusaga madebe mengi zaidi ya mahindi bila kununua mashine ya pili.

Kutokana na takwimu hizo kilikokotolewa kizidishi, yaani ongezeko la pato la eneo kwa kila shilingi iliyoingia, nacho kilifikia 2.5. Uzuri wake ni kwamba kilihesabiwa kwa upande wa matumizi na tena kwa upande wa mapato, na majibu yakakaribiana. Hata hivyo, si halali kaunti kuiazima namba hiyo kutetea mfuko unaotokana na ushuru wa wafanyabiashara wake yenyewe, kwa kuwa fedha za Siaya zilitoka nje ya eneo, na hakuna mchuuzi wa hapo aliyetozwa ili zipatikane.